Kukata shela bila kulichana: kuunganisha uteuzi na maski kwenye GIMP

Picha iliyonifundisha kazi hii ilipigwa uani, Ngamiani hapa Tanga, saa kumi jioni. Bi harusi amesimama mbele ya ukuta wa buluu. Gauni jeupe, shela la wavu limeshuka kutoka kichwani hadi juu kidogo ya kiwiko, mkono wa kushoto ameshika kiuno. Uso umetoka vizuri, hina imetoka vizuri. Lakini nyuma ya bega la kulia kuna viti vyeupe vya plastiki vimepandana, na kamba ya nguo imepita juu ya kichwa chake. Mama yake alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi namtaka binti yangu tu. Viti hivyo niondolee, na huko nyuma niwekee rangi ya maziwa, iliyotulia."

"Sawa mama," nikamjibu, "nipe siku mbili."

Nilichukua siku nne, kwa sababu nilikuwa natafuta zana moja ya kukata picha nzima. Ile ya kuteua kwa rangi iliushika ukuta vizuri, ila ikala na kivuli cha buluu kilichokuwa kwenye gauni. Ile ya kuchora kwa mkono ilipita kwenye gauni bila shida, lakini ilipofika kwenye shela ikalikata kama mkasi unavyokata karatasi: wavu ukageuka ubao. Mwisho nikachukua kifutio nikafuta nyuma yote kidogo kidogo. Mama akapokea, akashukuru. Wiki mbili baadaye akarudi kuomba picha ile ile, safari hii nyuma iwe kijani cha jani la mgomba, kwa ajili ya albamu ya shangazi. Nilichofuta kilikuwa kimeshafutika, na picha imebanwa kuwa leya moja, yaani tabaka moja la picha. Nikaanza upya kabisa.

Huko kuanza upya ndiko ninakotaka kukueleza, hatua kwa hatua. Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta yangu ya zamani. Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipotee.

Kwanza uelewe unachokishika

Ukiteua sehemu ya picha, unaona mstari wa vinukta unaotembea kama sisimizi. Mstari huo unakuonyesha sehemu tu ya ukweli. Ndani ya programu, uteuzi ni picha kamili ya kijivu, yenye upana na urefu ule ule wa picha yako. Palipo peupe pameteuliwa kabisa, palipo peusi hapakuteuliwa, na palipo na kijivu pameteuliwa kwa kiasi. Kwenye faili la kawaida la biti 8, kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, ina namba kuanzia 0 hadi 255. Sisimizi wale hupita penye nusu, karibu na 128. Kwa hiyo pikseli yenye 100 imeteuliwa kwa kiasi kikubwa, lakini kwa macho utadhani imeachwa nje.

Maski ya leya nayo ni kitu hicho hicho: picha ya kijivu iliyobandikwa kwenye leya. Nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu inaonyesha nusunusu, kama uso unavyoonekana nyuma ya shela. Na chaneli iliyohifadhiwa ni picha ya kijivu pia. Ukishaelewa kwamba uteuzi, maski na chaneli ni kitu kimoja kilichowekwa mahali patatu, unaweza kukihamisha huku na huko upendavyo. Uteuzi unageuka maski, maski inarudi kuwa uteuzi, na uteuzi unawekwa akiba kwenye chaneli.

Kabla ya kuamini uteuzi wowote, bonyeza Shift+Q. Picha itafunikwa na utando mwekundu kila palipo nje ya uteuzi, na penye kijivu utando unakuwa mwepesi. Hapo ndipo unaona ulichonacho. Bonyeza tena Shift+Q, sisimizi wanarudi. Kijana ninayemfundisha kazi namtaka afanye hivi kila baada ya hatua, hata akiona ni usumbufu.

Kujumlisha, kutoa, kukutanisha

Kila zana ya kuteua ina vitufe vinne vidogo juu ya mipangilio yake: anza upya, jumlisha, toa, na bakiza palipokutana. Kwa kibodi, shikilia Shift kabla ya kubofya ili kujumlisha, Ctrl ili kutoa, na zote mbili kwa pamoja ili kubakiza palipokutana. Zingatia neno *kabla*. Ukianza kuvuta mstatili kisha ndipo ukumbuke Shift, GIMP haitajumlisha. Itakubana uchore mraba.

Kwa sehemu zenye kingo kali, hesabu yake ni ya kawaida. Penye kijivu ndipo watu wengi wanapotatizika, kwa hiyo tutazame namba. Chukua pikseli moja ya shela, pale linapogusa bega. Kwenye uteuzi wa shela ina 120. Kwenye uteuzi wa mwili iko ukingoni, ina 90. Ukijumlisha unapata 210, na ikizidi 255 inaishia hapo hapo 255. Ukitoa mwili kwenye shela unabaki na 30. Ukizikutanisha, inabaki ile ndogo, 90. Kwa hiyo kukutanisha hakuwezi kuongeza mwangaza hata kidogo. Ni uzio: kilicho nje kinazimika, kilicho ndani kinabaki kama kilivyo.

Shela

Shela nalianza mimi, maana ndilo gumu. Hakuna mkono wa kuchora matundu ya wavu. Yapo tayari ndani ya picha yenyewe, kazi ni kuyatoa.

Ukuta ni wa buluu, shela ni jeupe. Rangi nyeupe ina nyekundu nyingi, kijani nyingi na buluu nyingi. Ukuta wa buluu una buluu nyingi lakini nyekundu kidogo. Basi ukitazama nyekundu peke yake, ukuta unakuwa giza na shela linang'aa. Laiti ukuta ungekuwa wa rangi nyekundu, ningetafuta kwenye buluu. Tazama rangi ya kilicho nyuma, kisha chagua ile rangi ambayo huko nyuma ni haba.

Nakili leya ya picha. Kwenye hiyo nakala nenda Colors, halafu Components, halafu Extract Component, uchague RGB Red. Picha inakuwa ya kijivu: ukuta mweusi-mweusi, shela limewaka, ngozi ni kijivu cha kati, viti vimewaka kuliko vyote. Sasa, kwenye menyu hiyo hiyo ya Colors, fungua Levels. Vuta kipini cheusi kulia mpaka ukuta uzame kuwa mweusi kabisa. Kipini cheupe kivute kushoto taratibu, ukitazama pale shela lilipokunjwa mara mbili. Hapo ndipo pawe karibu na nyeupe. Pale lilipo tabaka moja paache pawe kijivu. Usiwe na tamaa hapa. Ukivuta zaidi kidogo, matundu yanajaa na umerudi kwenye ubao. Kuza picha hadi asilimia 200 utazame nyuzi moja moja: kati ya uzi na uzi lazima uone weusi.

Kisha bofya kulia kwenye leya hiyo ya kijivu, Add Layer Mask, uchague Grayscale copy of layer. Bofya kulia tena, Mask to Selection. Picha yako ya kijivu imekuwa uteuzi. Nenda Select, Save to Channel, uipe jina "nyekundu". Majina haya ni muhimu; baada ya chaneli nne hutakumbuka ipi ni ipi.

Shida ni kwamba uteuzi huo umebeba viti pia, kwa sababu na vyenyewe ni vyeupe. Umebeba gauni, na ngozi nusunusu. Hapa ndipo uzio unapoingia. Chukua zana ya kuchora kwa mkono, bonyeza F, uzungushie shela mstari. Huhitaji kuwa makini kila mahali, na hili lilinichukua muda kuliona. Upande wa ukuta, hata ukitoka nje sentimita mbili si neno, kule chaneli imeshakuwa nyeusi. Upande wa ndani, kifuani na mabegani, hata ukiingia sana si neno, mwili utakuja kujumlishwa. Umakini wote uweke penye viti tu, mstari ukipita kwenye pindo la shela lenyewe. Ukingo wa urefu wa kiganja badala ya mita mbili za kuzunguka.

Uhifadhi uzio huo kama chaneli "uzio". Fungua kichupo cha Channels, bofya kulia "nyekundu", Channel to Selection. Bofya kulia "uzio", Intersect with Selection. Bonyeza Shift+Q: shela peke yake, na matundu yake. Hifadhi uite "shela". Leya ya kijivu sasa unaweza kuifunga jicho lake, imemaliza kazi.

Mwili

Gauni, mikono na uso vina kingo safi, na kwa kingo safi hakuna kinachoishinda zana ya njia, herufi B. Unabofya nukta, unavuta kidogo ili mstari upinde, unaendelea. Nukta chache ndizo zinazotoa mstari laini. Kwa mkono mzima kuanzia bega hadi kifundo mimi naweka nukta tano au sita. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja au mbili, usipite juu yake, maana pale juu kabisa pana mchanganyiko wa gauni na ukuta. Kwenye kichwa na mabega, pita penye mwili mzito chini ya shela, shela lenyewe liache nje. Ukimaliza, bonyeza Enter, njia inakuwa uteuzi.

Kati ya mkono alioshika kiuno na kiuno chenyewe kuna pembetatu, na ndani yake unaonekana ukuta. Chora njia ya pili kuizunguka. Kwenye mipangilio ya zana kuna kitufe Selection from Path. Kibofye huku umeshika Ctrl. Tundu limetoka. Watu wengi husahau pembetatu hii, na mteja huiona kabla ya kitu kingine chochote: rangi ya maziwa kila mahali, halafu kipande cha buluu kiunoni.

Sasa, na si kabla, lainisha ukingo. Select, Feather, pikseli 2 kwa picha ya 4000 kwa 6000. Ukiona uzi wa buluu umebaki pembeni, tangulia na Select, Shrink, pikseli 1, ili uteuzi uingie ndani kidogo. Hifadhi kama "mwili".

Mpangilio huu nauwekea mkazo. Feather hulainisha chochote kilichopo ndani ya uteuzi kwa wakati huo. Ukijumlisha shela kwanza halafu ukalainisha, nyuzi zote za wavu zinayeyuka kuwa ukungu. Kila ukingo ulainishwe peke yake kwa kiasi chake, ndipo viungane.

Kuviunganisha na kuviweka kwenye maski

"mwili", Channel to Selection. "shela", Add to Selection. Shift+Q, uzungukie picha nzima ukiwa umeikuza. Hifadhi "jumla".

Kabla hujaendelea, rudi kwenye kichupo cha Layers ubofye leya ya picha. Ukihifadhi chaneli, GIMP inakuachia hiyo chaneli ndiyo inayofanyiwa kazi. Ukichukua brashi hapo hapo, rangi inaingia kwenye chaneli, nawe unashangaa mbona picha haibadiliki. Nimeona vijana wakifunga programu na kuifungua tena kwa sababu hii.

Leya ya picha ikiwa imechaguliwa, bofya kulia, Add Layer Mask, uchague Selection. Ukuta, viti na kamba vinatoweka. Chini yake weka leya mpya uijaze rangi ya maziwa. Mimi nilitumia rangi yenye namba f3ead7. Kisha Ctrl+Shift+A kuondoa uteuzi. Usipoondoa, brashi itakataa kugusa nje ya sisimizi, na kurekebisha nje ndiko utakakotaka.

Marekebisho ni kwa brashi juu ya maski. Bofya kijipicha cha maski, si cha picha, bonyeza D upate nyeusi na nyeupe, na X kuzibadilisha. Nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha. Ukikosea unarudisha, hakuna kilichopotea. Brashi yangu ni laini, nguvu asilimia 20, napita mara tatu badala ya mara moja.

Kwenye picha hii palikuwa na mahali pamoja ambapo chaneli haikuweza kunisaidia: upana wa vidole viwili, shela linapopita mbele ya viti. Nyeupe juu ya nyeupe. Hapo nilichukua kijivu cha shela kutoka kwenye maski, jirani kidogo penye ukuta, nikakipaka juu ya kipande hicho, kisha nikachora nyuzi chache kwa brashi ya pikseli mbili kufuata mwelekeo wa wavu. Kwa rangi ya maziwa ilikubali upesi, kwa sababu weupe wa viti uliobaki ndani ya shela unafanana nayo. Kwa kijani cha mgomba ilibidi niipunguze nuru sehemu hiyo pia. Mteja akikuuliza rangi, mweleze kwamba iliyo karibu na mwanga wa picha ya asili huleta kazi safi zaidi, wengi hukubali.

Ubuluu uliobaki kwenye wavu

Ukuta ulionekana kupitia shela, basi shela lina madoa ya buluu hata baada ya ukuta kuondoka. Juu ya rangi ya maziwa linaonekana kama limefuliwa na kanga isiyokomaa rangi.

Chaneli zako ziko pale pale. "shela", Channel to Selection. "mwili", Subtract from Selection, ili uso na hina visiguswe. Rudi kwenye leya, bofya kijipicha cha picha na si maski. Colors, Hue-Saturation, chagua B (buluu), shusha Saturation, yaani ukolezi wa rangi. Mimi nilishusha hadi −70 na nikaongeza Lightness kidogo. Kwa kuwa uteuzi ni wa kijivu, dawa inaingia zaidi penye nyuzi nzito na kidogo penye nyepesi, wala hakuna mpaka unaoonekana.

Njia hii hii naitumia kwa mambo mengine. Nikitaka kung'arisha gauni tu, naanza na "mwili", natoa ngozi niliyoiteua kwa rangi. Nikitaka hina ikolee, nakutanisha uteuzi wa rangi ya hina na duara nililochora kuzunguka viganja, maana rangi ile ile ipo pia midomoni na kwenye nyusi.

Ukiwa na Photoshop, mambo ni yale yale, vidole ndivyo vinavyohama. Wakati wa kuteua, kutoa ni Alt badala ya Ctrl. Kurudisha maski kuwa uteuzi, bofya kijipicha chake huku umeshika Ctrl. Ongeza Shift kujumlisha, Alt kutoa, zote tatu kukutanisha. Utando mwekundu ni herufi Q peke yake.

Hifadhi faili kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ambayo inabeba leya, maski na chaneli zote. JPEG itoe kwa Export, ya kuchapisha tu. Faili la XCF linakuwa kubwa, na mimi nayaweka yote kwenye diski ya nje kwa mwezi na mwaka.

Mama alirudi mara ya tatu, kabla ya Ramadhani. Dada wa bi harusi, aliyeko Muscat, alitaka yake nyuma iwe nyeupe. Alikaa kwenye benchi pale mlangoni. Nikafungua faili, nikabofya leya ya chini, nikamwaga nyeupe, nikageuza skrini aione. Akasogea karibu akaweka kidole pembeni mwa shela, pale palipokuwa na viti, akauliza, "Hapa palikuwa na nini vile?"